Sinki Katika Gereji, na Safari ya Maji Machafu

Juma lililopita katika ukurasa huu tulizungumza habari za kutia sakafu ya saruji katika banda la gari, na tangu hapo nimeulizwa swali ambalo nilitazamia kuulizwa: je, yafaa kuweka sinki humo gerejini, ili mtu atokaye chini ya gari au shambani anawe mikono kabla hajaingia nyumbani? Jibu langu ni kwamba yafaa sana. Mke wangu angelisema neno hilo kwa nguvu kuliko mimi, maana ndiye aliyekuwa akifua taulo nilizozipangusia oili. Lakini kabla hujaenda dukani kununua bakuli la sinki, yakupasa kulijua jambo moja ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa, tena kwa aibu.

Kuleta maji gerejini ni kazi ya asubuhi moja. Kuyaondoa ndiko kazi yenyewe.

Sinki yangu ya kwanza niliiweka Jumamosi moja tu. Nilitoa maji kwenye bomba liendalo jikoni, nikatoboa ukuta kwa tindo, nikapitisha bomba la plastiki la inchi moja na nusu, nikaliacha limwage maji nje juu ya majani. Kiwanja chetu kimeinama kuelekea bondeni, basi nikadhani kwamba maji yatapotea yenyewe. Kweli yalipotea, yaani machoni pangu. Mvua za masika zilipokwisha, mama mmoja mzee, ambaye kati ya shamba lake na langu pana ua wa miti tu, alinijia asubuhi na mapema akiwa na chupa ya kioo mkononi. Hakupiga kelele. Aliiweka chupa ile juu ya ukingo wa sinki, penye mwangaza, akasema, “Mwanangu, haya ni maji ya kisima changu. Wewe umesoma. Niambie, nimpe mjukuu wangu anywe?”

Juu ya maji yale palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Nikajaribu kujipa tumaini, kwa kuwa si kila utando wa namna ile ni mafuta. Katika maji yenye chuma nyingi huota vijidudu vinavyofanya utando unaofanana nao, nao haudhuru sana. Namna ya kuvipambanua ni rahisi: ugusa utando kwa kijiti. Ule wa chuma huvunjika vipande vipande kama barafu nyembamba na kubaki hivyo, bali ule wa mafuta hupasuka kisha hujifunga tena. Nilimimina maji yale katika karai, nikachukua kijiti, nikagusa. Utando ukajifunga. Nikasema, “Hapana, Mama. Asinywe.”

Tangu siku ile nimeshika kanuni kwamba sinki haianzwi kwenye bakuli, huanzwa mwisho wa safari, yaani pale maji machafu yatakapolala. Mtu akikosa mahali pa kuyalaza, na asinunue bakuli.

Akaaye mjini penye bomba kuu la maji machafu ana njia fupi. Na aende kwa kampuni ya maji ya mahali pake, aombe ruhusa, amtumie fundi aliyesajiliwa, aunganishe. Wengi wetu, hata hivyo, hatuna bomba kuu karibu, na maji yetu hayana budi kuingia ardhini. Hapo swali la kwanza ni hili: je, udongo wako wanywa maji? Usiulize kwa macho, ujaribu. Chimba kishimo cha futi moja kwa futi moja, mahali pale na katika kina kile unachokusudia. Jioni kijaze maji, uyaache yanywewe usiku kucha. Asubuhi mimina tena maji ya inchi 6, simamisha kijiti chenye alama, utazame saa. Maji yakishuka inchi moja katika muda usiozidi nusu saa, udongo huo wanywa vema. Ikipita saa nzima na inchi moja haijaisha, shimo halitakufaa, hata ulichimbe kubwa namna gani.

Wenye udongo mwekundu wa Kiambu au Murang'a kwa kawaida watafurahi. Wenye udongo mweusi wa pamba, kama ule wa Embakasi na tambarare za Athi, watasikitika, kwa maana udongo ule hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hata mabomba yaliyozikwa ndani yake huvutwa huku na huku mpaka viungo vikaachana. Huko ni afadhali kuyakusanya maji katika tangi lisilovuja na kuyaondoa kwa gari la kunyonya. Ndugu zetu wa Pwani, wanaojenga juu ya mawe ya matumbawe, wana taabu ya namna nyingine: maji yao hushuka upesi mno. Mtu huona jambo hilo kuwa baraka, kumbe maji yanayoshuka upesi hayachujwi na udongo, nayo hufika kisimani karibu vile vile yalivyotoka sinki.

Habari ya kisima haina mzaha. Shimo la kunywea maji machafu liwe mbali na kisima chochote, chako au cha jirani, si chini ya mita 30, yaani kadiri ya futi 100, na chini ya shimo hilo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufika maji ya ardhini, nayo ipimwe wakati wa mvua nyingi, si wakati wa kiangazi. Liwe mita 5 mbali na nyumba, usije ukalainisha msingi. Na hata ukipata mita 30 hizo, tazama mteremko. Kisima kilicho chini yako si sawa na kisima kilicho juu yako. Mimi nilipopima kwa hatua kutoka bomba langu mpaka kisima cha Mama nilipata hatua 40. Kwa karatasi nilikuwa nimetimiza sheria, lakini maji hayasomi karatasi; yalitiririka juu ya ardhi moja kwa moja mpaka penye mdomo wa kisima, ambao haukuwa na ukingo.

Shimo langu la sasa liko upande wa pili wa kiwanja. Upana wake ni futi 4, kina chake futi 6, nalo limejazwa mawe yaliyovunjwa yenye ukubwa wa ngumi, makubwa chini na madogo juu. Juu ya mawe tulitandika karatasi nene ya plastiki, ndipo tukafukia udongo. Usiliache wazi. Mbu wa namna ya Culex hupenda kuzaa katika maji machafu, na huko Pwani ndio wanaoeneza ugonjwa wa matende.

Basi, katikati ya sinki na shimo lile gereji yataka kitu ambacho sinki ya jikoni yaweza kukikosa, nacho ni kisanduku cha kunasa mafuta na matope. Tulikijenga nje ya ukuta kwa matofali na kukipiga lipu ya saruji ndani, futi 2 kwa futi 2, kina futi 2 na nusu, kikiwa na kifuniko kinachoinuliwa. Maji huingia upande mmoja. Upande wa pili bomba la kutokea limetiwa kona inayotazama chini, mdomo wake ukiwa futi moja chini ya uso wa maji. Utaona hekima yake: mchanga ni mzito, huzama na kubaki, mafuta ni mepesi, huelea na kubaki, maji ya katikati tu ndiyo yanayoondoka. Kila mwezi mimi hufunua, nikateka mafuta yaliyo juu kwa kikombe cha bati na kuyatia katika mtungi, kisha nikatoa matope kwa sepetu. Si kazi ya kupendeza, nami sikuwahi kumpata mtoto wa kuifanya kwa hiari.

Lakini kisanduku hiki kina adui, naye ni sabuni. Sabuni huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo sana zinazochanganyika na maji, hata zisielee. Kwa hiyo mtu anayenawa oili nyingi kwa sabuni nyingi huyapitisha mafuta yake yote mpaka shimoni, na kisanduku hubaki kutazama tu. Dawa ni kupangusa kwanza. Mimi nimeweka debe la unga wa mbao karibu na sinki. Mikono yenye oili huingizwa humo, husuguliwa, na unga ule hunyonya karibu yote. Palipobaki weusi, sukari kijiko kimoja pamoja na matone ya mafuta ya kupikia huutoa vizuri kuliko petroli, wala haichubui ngozi. Sabuni na maji huja mwisho.

Sasa twaweza kurudi ndani ya banda. Chini ya bakuli la sinki hapana budi pawe na mtego wa maji, yaani bomba lililopinda kama shingo ya bata anayeinama. Maji yakimwagwa, sehemu yake kidogo hubaki katika mpindo ule, nayo huwa kizibo kisichopitisha harufu wala mende. Alexander Cumming, fundi wa saa mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi London, alipewa hataza mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopindwa hivyo, na kwa zaidi ya karne mbili mafundi hawajapata mlinzi wa bei rahisi kuliko maji yale machache. Chagua mtego wenye kina cha maji cha inchi 3, tena ule unaofunguliwa kwa mkono, kwa sababu katika gereji ndimo zitakamoangukia skurubu zako zote.

Mtego hushindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukavu: sinki isiyotumiwa majuma kadhaa hukaukiwa, ndipo harufu ya shimo huingia. Ukisafiri, mimina maji kabla ya kuondoka, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke upesi. Ya pili ni kunyonywa. Bomba likiwa refu na lenye mteremko mkali, maji yanayokwenda kasi hulijaza lote na kuvuta nyuma yake hata yale yaliyopaswa kubaki katika mpindo. Utasikia sauti ya koromeo, kama ng'ombe anayemaliza maji ya birika. Kwa ajili hiyo bomba la inchi moja na nusu lisizidi futi 10 kabla ya kupata hewa. Langu hupita ukutani na kufika katika kisanduku cha nje baada ya futi 4, na kisanduku kina tundu la hewa lililofunikwa kwa wavu, basi sikuhitaji bomba jingine la kupumulia. Ambaye bomba lake litakuwa refu zaidi na asimamishe bomba la hewa, lipande juu hata lipite paa.

Mteremko unaofaa ni robo inchi kwa kila futi moja. Bomba la futi 20 kutoka kisandukuni mpaka shimoni litashuka inchi 5. Fundi aliyenisaidia mara ya pili, mzee mwenye maneno machache, hakukubali nikadirie kwa jicho; alifunga uzi kutoka kigingi hata kigingi, akaweka pimamaji, akanirudisha mara tatu nichimbe tena mahali palipofanya tumbo. Aliniambia, “Bwana Karani, penye tumbo ndipo matope yatakapokaa, nawe utalifukua hili bomba mvua ikinyesha.” Penye kona alitumia kona mbili za mpindo mdogo badala ya moja ya mraba, na penye kila kona akaacha mdomo wenye kifuniko wa kupitishia fimbo ya kuzibulia.

Jambo moja huwapata wengi bila kutazamia. Sakafu ya gereji kwa kawaida iko chini kuliko sakafu ya nyumba, ili gari liingie, na mara nyingine udongo wa nje uko juu kuliko sakafu hiyo. Maji hayapandi. Kabla ya kutoboa ukuta, pima kwa uzi kwamba bomba likitoka litakuta ardhi iliyo chini yake. Upande mmoja ukikataa, sinki ihamie ukuta mwingine. Ukingo wa bakuli ukiwa futi 3 juu ya sakafu, bomba laweza kupita ukutani kadiri ya futi moja juu ya sakafu, wala hakuna haja ya kuivunja saruji uliyoimwaga juma lililopita. Tena chagua kona ambayo gari halirudi kinyumenyume. Mabomba ya plastiki hayana mashindano na bamba la nyuma la gari.

Kuhusu maji ya kuingia sina maneno mengi, kwa maana fundi yeyote anaijua kazi hiyo. Tia valvu ya kufungia mahali pafikapo mkono, nusu inchi yatosha. Ila mdomo wa bilula uwe juu ya ukingo wa bakuli, inchi 2 zikae wazi katikati. Wala usiunganishe mpira ukauacha umezama katika debe la dawa ya kahawa unapojaza. Siku maji ya mjini yatakapokatika, bomba tupu laweza kuvuta nyuma, na dawa ile ikapanda mpaka bomba la jikoni.

Nimetaja dawa ya shamba, nami sitaki kulipita neno hilo upesi, kwa kuwa najua kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wakulima, na sinki ikisha kuwapo gerejini, siku ya kwanza ya kunyunyizia mtu ataona ni mahali pazuri pa kuoshea pampu yake ya mgongoni. Si mahali pake. Kisanduku cha mafuta hakinasi dawa za wadudu, na shimo huzipeleka zilikokwenda oili yangu. Pampu na ioshwe shambani mara tatu kwa maji kidogo kidogo, na maji yale yanyunyiziwe juu ya mimea ile ile iliyotiwa dawa. Petroli nayo isimiminwe kamwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala katika bomba na kisanduku, ukingoja cheche. Maji ya breki, asidi ya betri na masalio ya rangi huhesabiwa pamoja nayo.

Ama oili iliyokwisha kutumika, itie katika mtungi wenye kifuniko, uipeleke kwenye kituo cha petroli au gereji kubwa inayokusanya. Wako wanaoimwaga barabarani ili kuzuia vumbi, na wako wanaopaka nguzo za ua ili mchwa wasile. Mimi siwasifu hao wala hao, kwa sababu mvua ni ile ile na mteremko ni ule ule. Idara ya Marekani inayolinda mazingira husema kwamba oili chafu ya gari moja iliyobadilishwa mara moja tu yaweza kuharibu galani milioni moja za maji safi. Niliposoma hesabu hiyo nilikumbuka ni mara ngapi nilikuwa nimebadilisha oili kabla Mama hajaja na chupa yake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, iliyoanza mwaka 1921, humhesabu anayeacha maji machafu yakimsumbua jirani kuwa mwenye kosa, na kanuni za ubora wa maji zakataza kuchafua chemchemi, mto au maji ya ardhini. Kabla ya kuchimba, mwite afisa wa afya ya umma wa kaunti, yule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Afya, atazame mahali pa shimo. Wa kwetu alikuja, akapima, akanihamisha mita 6 kutoka pale nilipokuwa nimekwisha kuchimba hata kiunoni. Sisi tuliozoea kazi za ofisi hupenda kuomba ruhusa baada ya kazi kwisha, lakini nilifukia, nikaanza upya.

Kisima cha Mama kilitekwa maji yote mara tatu, kikajengewa ukingo wa zege wa futi 3 na mtaro wa kuzuia maji ya juu, kwa gharama yangu, kama ilivyonipasa. Udongo ulioingia oili nje ya ukuta wangu niliuondoa kwa mikokoteni. Bwana Afya amekwisha kupeleka maji ya kisima kile kupimwa mara mbili, na mara zote mbili alisema tungoje kwanza. Kwa hiyo nimeweka bilula ya pili upande wa ua, na kila asubuhi kabla sijaenda kazini mjukuu wa Mama huja na mitungi yake miwili, nami humjazia.